Gari Linalobaki Wenyewe Wakiondoka

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yake nitaieleza humu humu. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nataka tuzungumze juu ya magari ya mashindano yanayoundwa na wanafunzi, na hasa wanafunzi wa vyuo vya kijeshi kule Marekani. Najua unajiuliza: mtu wa kuandika programu, tena wa Nairobi, anatafuta nini kwenye karakana ya makadeti? Vuta kiti nikueleze.

Mwezi Januari nilikabidhiwa programu ya mikopo ya sacco moja. Aliyeiandika alikuwa ameacha kazi na kwenda zake. Hakuacha maelezo, hata karatasi moja. Katikati ya msimbo wake kulikuwa na mstari uliokuwa ukiongeza siku tatu kwenye tarehe ya mwisho ya kulipa mkopo. Siku tatu za nini? Hakuna aliyejua pale ofisini. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaufuta. Niliona nasafisha nyumba.

Wiki chache baadaye wanachama zaidi ya 200 wakatozwa faini ya kuchelewa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyeomba mkopo wa karo ya sekondari, akakataliwa na tarakilishi kwa kuwa ilimhesabu kuwa mtu asiyelipa madeni. Alipiga simu, na aliyeipokea ni mimi. "Kijana wangu," akaniambia, "tangu nijiunge na hii sacco sijachelewa hata mwezi mmoja." Nikamwambia, "Pole sana, mwalimu, tutaangalia." Tulipoangalia tukakuta anasema kweli tupu. Makato ya mshahara wake huchukua siku tatu kutoka kwa mwajiri hadi kufika kwenye sacco. Zile siku tatu zilikuwa na sababu. Aliyeijua sababu aliondoka nayo kichwani.

Faini tulizirudisha na mkopo ukapita, lakini mtoto wake aliripoti shuleni wenzake wakiwa wameshaanza masomo. Hilo halirudishwi kwa kubofya kitufe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Je, kuna mahali ambapo watu wenye ujuzi huondoka kila mwaka, wote kwa pamoja, kwa tarehe inayojulikana, na kazi ikaendelea? Jibu nililolipata ni vyuo vya kijeshi, na mfano wake mzuri ni timu zao za magari ya mashindano. Ndiyo maana nimepotea wiki hizi: nilikuwa nasoma.

Tuanze na mashindano yenyewe. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Houston, Texas, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kiliandaa shindano lililoitwa Mini-Indy. Wanafunzi waliunda vigari vidogo vya kukimbia vyenye injini ya Briggs & Stratton ya nguvu za farasi 5, yaani injini ya kiasi cha mashine ya kukatia nyasi. Baadaye watu wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin wakaona wanafunzi wanaweza kupewa uhuru zaidi. Mwaka 1981 shindano jipya likaanza hapo Austin, nalo likaitwa Formula SAE. Limeenea tangu wakati huo: Uingereza ilianza lake mwaka 1998 kwa jina la Formula Student, Australia ikafuata mwaka 2000, na Ujerumani mwaka 2006.

Usidhani ni mashindano ya kuona nani ana mguu mzito kwenye mafuta. Alama zote ni 1,000. Kati ya hizo, 325 hutolewa gari likiwa limesimama kabisa: 150 za usanifu, 100 za hesabu ya gharama, na 75 za kueleza jinsi gari hilo lingeuzwa kama biashara. Zinazobaki 675 ndizo za barabarani. Kuna mbio za mita 75 za kuondoka kwa kasi, kuna kuzunguka duara kama nambari nane, kuna mzunguko mmoja wa kona nyingi, na mwisho kuna mbio ndefu za kama kilomita 22. Katikati ya mbio hizo ndefu injini huzimwa, dereva mmoja anashuka na mwingine anapanda, kisha injini ikiwa bado moto inatakiwa iwake tena. Magari mengi hufia hapo hapo, umati ukitazama.

Kabla ya hayo yote kuna ukaguzi. Gari hulazwa upande kwa nyuzi 60 ili ionekane kama litapinduka. Breki lazima ziweze kufunga magurudumu yote manne kwa pamoja. Anayeshindwa hapo haingii barabarani, hata awe amesafiri kutoka wapi.

Tena kanuni haziruhusu timu kurudi na gari lile lile miaka nenda miaka rudi. Gari huundwa upya. Kwa hiyo kinachohama kutoka mwaka mmoja hadi mwingine si chuma, ni ujuzi.

Sasa tuingie chuoni. Marekani ina vyuo vitatu vikubwa vya kijeshi ambavyo vimewahi kupeleka timu kwenye mashindano haya: cha jeshi la nchi kavu kule West Point, cha jeshi la majini kule Annapolis, na cha jeshi la anga karibu na mji wa Colorado Springs. Si Marekani pekee. Australia wanafunzi wa chuo cha ulinzi kule Canberra wana timu yao, na Ujerumani iko ya chuo kikuu cha jeshi kilicho karibu na München.

Kadeti wa Marekani hupewa miaka minne. Halipi karo, lakini akihitimu anavishwa cheo cha luteni wa pili, au cheo kinacholingana nacho kama ni wa majini, na analitumikia taifa kwa miaka isiyopungua mitano. Hapo ndipo tatizo la timu ya gari linapoanza. Katika vyuo vikuu vya kawaida, mwanafunzi hodari wa injini anaweza kubaki kusomea shahada ya pili na kuendelea kuingia karakanani jioni. Mwingine atapata kazi mjini na kurudi Jumamosi na spana mkononi kuwafundisha wadogo zake. Kadeti hana nafasi hiyo. Vyuo hivi hutoa shahada ya kwanza tu. Siku ya mahafali kofia zinarushwa hewani, na muda mfupi baadaye yule aliyejua kwa nini fremu ilichomelewa vile yuko kwenye kambi mbali kabisa, pengine nje ya nchi.

Na si wanafunzi tu. Wengi wa walimu wa chuo cha jeshi la anga ni maafisa wa kijeshi, nao huhamishwa baada ya miaka michache. Fikiria ofisi ambayo wafanyakazi huondoka kila Mei, na mameneja nao wakaondoka kila baada ya miaka mitatu au minne. Wewe na mimi tungesema ofisi hiyo haina maisha.

Muda wenyewe ni mchache. Kadeti ana masomo, gwaride, mazoezi ya viungo, na kazi za kusimamia kadeti walio chini yake. Mhandisi wa mwaka wa nne huhesabiwa gari kama mradi wa kuhitimu: muhula mmoja wa kulichora, muhula mmoja wa kuliunda. Mashindano ya Michigan kwa kawaida hufanyika mwezi Mei, mahafali yakiwa yanabisha hodi. Hakuna kuomba wiki mbili za ziada.

Sasa, vyuo hivi viliishije na tatizo hili? Hapa inabidi turudi nyuma sana, kabla gari halijabuniwa.

West Point ilianzishwa mwaka 1802. Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya vurugu, bila mpangilio wa kueleweka. Mwaka 1817 akaletwa mkuu mpya, Sylvanus Thayer, mhandisi wa jeshi aliyekuwa ametoka Ulaya kutazama wenzao wanavyofundisha, hasa shule ya Polytechnique ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1794. Thayer alikaa hadi 1833 na akaacha utaratibu ambao bado unaitwa kwa jina lake. Ulikuwa hivi: kadeti husoma somo lake kabla ya kuingia darasani. Akiingia, anasimama mbele ya ubao, anaandika hoja yake, anaieleza kwa mdomo, na anapewa alama. Kila siku.

Angalia maana yake. Haitoshi kuwa na jibu. Lazima ulitoe kichwani, uliweke mahali wenzako wanapoliona, na uweze kulitetea. Ujuzi ambao haujafika ubaoni unahesabiwa kama haupo.

Matunda yake yalionekana nje ya jeshi. Kwa miaka mingi West Point ndiyo iliyokuwa shule kuu ya uhandisi nchini Marekani, na wahitimu wake walipima na kujenga reli za kwanza. Mmoja wao ni George Washington Whistler, aliyehitimu mwaka 1819. Alifanya kazi kwenye reli ya Baltimore na Ohio, kisha mwaka 1842 akaitwa na mfalme wa Urusi akasaidie kujenga reli ya kutoka St Petersburg hadi Moscow. Alifariki huko huko mwaka 1849, reli ikiwa haijakamilika. Mwaka 1851 ikafunguliwa bila yeye. Mhandisi aliondoka, na tena kwa namna ambayo hapigiwi simu kuulizwa. Michoro na vipimo vilibaki.

Jeshi la anga nalo lilijifunza somo hilo hilo, ila kwa gharama ya damu. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, Ohio, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne, Model 299, ilikuwa ikijaribiwa. Usukani ulikuwa mikononi mwa Meja Ployer Hill, rubani mzoefu. Ndege ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaishiwa mwendo na kuanguka. Hill alifariki, na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, akafariki baadaye kwa majeraha. Injini hazikuwa na kasoro. Kulikuwa na kufuli la kuzuia sehemu za mkia zisipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, na kufuli hilo halikufunguliwa kabla ya kuruka.

Hakuna aliyeweza kusema Hill hakujua. Alijua. Alisahau. Basi badala ya kutafuta rubani asiyesahau, wakaandika orodha fupi ya ukaguzi. Ndege ile iliyoonekana ni ngumu mno kwa binadamu ndiyo iliyokuja kuitwa B-17, na ziliundwa zaidi ya 12,000.

Kwa hiyo chuo cha jeshi la anga kilipoanzishwa kwa sheria mwaka 1954, kilizaliwa ndani ya utamaduni ambao tayari ulikuwa na mawazo hayo mawili: eleza ubaoni, na usitegemee kumbukumbu. Kadeti wake wa kwanza, waliohitimu mwaka 1959, wakaongeza la tatu, yaani kanuni ya heshima: kadeti hadanganyi, haibi, halaghai, wala hamvumilii mwenzake anayefanya hivyo. Kwenye karakana, kanuni hiyo ina maana ya kila siku. Ukiandika kwamba uliifunga nati kwa nguvu iliyotakiwa wakati hukuifunga, atakayeketi kwenye kile kiti ni mwenzako.

Sasa nikupe mfano wa kiufundi, nao ndio ulionifanya nicheke peke yangu usiku, kisha nikanyamaza.

Kanuni za Formula SAE zinataka hewa yote inayoingia kwenye injini ya petroli ipite kwenye tundu moja lenye upana wa milimita 20, karibu sawa na sarafu. Ni njia ya kupunguza nguvu ili watoto wa watu wasiumie. Hewa ikishafika kasi ya sauti kwenye tundu hilo, haiongezeki tena hata injini inyonye vipi. Usawa wa bahari, tundu hilo hupitisha takriban gramu 70 za hewa kwa sekunde, basi.

Lakini chuo cha jeshi la anga kiko milimani, takriban mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Shinikizo lake ni kama robo tatu tu ya lile la pwani. Uwanja wa Michigan uko chini zaidi, mita 300 hivi. Hesabu mwenyewe: tundu lile lile, injini ile ile, ikishushwa kutoka Colorado hadi Michigan inapata hewa zaidi kwa kama robo. Yeyote aliyewahi kuendesha gari kuukuu kutoka Nairobi hadi Mombasa anajua jinsi linavyopata uhai likifika chini.

Tatizo ni petroli. Injini inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Anayepima petroli ni tarakilishi ndogo ya injini, na ndani yake kuna jedwali la nambari: mizunguko ya injini upande mmoja, kilango cha hewa kimefunguka kiasi gani upande wa pili, na katikati kiasi cha petroli cha kunyunyiza. Jedwali hilo likijazwa kwa majaribio ya mlimani, na tarakilishi isipokuwa na kihisi cha shinikizo la hewa, basi likifika Michigan linanyunyiza petroli ya Colorado kwenye hewa ya Michigan. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachemka na kugonga, na kazi ya mwaka mzima inaweza kuyeyuka pamoja na pistoni.

Wenzangu wa msimbo, mmeshaitambua hii? Ni ile kauli yetu ya "mbona kwangu inafanya kazi!"

Sasa mfikirie kadeti mpya anayerithi jedwali hilo mwezi Agosti. Anakuta safu ya nambari zimeongezwa asilimia 25 juu ya zile za majaribio. Hakuna maelezo. Anaziona ni za kipuuzi, petroli inapotea bure na moshi ni mweusi. Anazifuta. Anasafisha nyumba. Mnaona ninapoelekea. Asilimia 25 zake na siku tatu zangu ni ndugu wa tumbo moja.

Ndiyo maana naipenda ile sehemu ya alama 150 za usanifu kuliko mbio zenyewe. Pale waamuzi, ambao ni wahandisi wa viwandani, hawaulizi gari lina nini. Wanauliza kwa nini. Kwa nini springi ngumu kiasi hiki? Kwa nini bomba hili la fremu limepinda hapa? Ukijibu, "tulilikuta hivyo kwa waliotutangulia," umepoteza alama. Ukijibu, "waliotutangulia walilipinda kwa sababu fulani, tukapima, tukaona sababu hiyo haipo tena, tukalinyoosha," unaheshimiwa. Ni ubao wa Thayer ule ule, ila sasa umewekewa magurudumu.

Kwa mtu wa nje, timu ya chuo cha kijeshi ina kila sababu ya kushindwa na wale wanaokaa karakanani miaka sita. Na ni kweli, vyuo vikubwa vya uhandisi ndivyo vilivyozoea kutawala jedwali la washindi. Lakini mimi simtazami mshindi. Natazama kwamba mwaka baada ya mwaka watu wapya kabisa, waliopewa miezi tisa, wanaweza kutoa gari linalopita ukaguzi na kuzunguka uwanja. Makadeti hawa hawana akili kuliko sisi. Tofauti ni kwamba wanajua tarehe ya kuondoka. Sisi maofisini tunajidanganya kwamba tutakuwepo daima, kwa hiyo tunaweka kila kitu kichwani, na tunaona fahari kwamba bila sisi mambo hayaendi.

Mwaka mmoja au mitano baadaye yule kadeti atakuwa rubani, au msimamizi wa ndege za wenzake, akisoma maandishi ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Gari lile ni mazoezi ya kuandika kwa ajili ya mtu huyo, na ya kumsoma kwa adabu.

Basi nimefanya nini mimi? Nimerudisha ule mstari wa siku tatu. Juu yake nimeandika sentensi mbili: sababu yake, na siku ya kuufuta, yaani pale waajiri watakapoanza kutuma makato siku hiyo hiyo. Nimeandika pia orodha fupi ya ukaguzi, mistari saba, ya kupitia kabla ya mtu yeyote kugusa tarehe za mikopo. Na kila Ijumaa mmoja wetu husimama mbele ya ubao wa ofisi na kueleza kipande cha msimbo alichokikuta, huku wengine wakimuuliza kwa nini. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kati ya mambo kumi niliyoulizwa, manne nilijibu, "nililikuta hivyo."

Mwalimu yule nilimpigia simu kumwomba msamaha. Akaniambia nisijali, mtoto ameshawafikia wenzake. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Na wewe ukiondoka hapo, mwingine atajua?"

Sasa atajua, mwalimu. Nimeandika.